Mgema Akitia Maji, Je, Ni Maji Gani?



Methali ya mgema sote tunaijua: akisifiwa, tembo hulitia maji. Wazee walioisema walikuwa wakilalamikia kupunjwa. Mtu amelipia tembo, kumbe anauziwa maji. Lakini liko swali ambalo methali haikuuliza, na sisi hapa Kibarani limetutoa machozi. Maji hayo aliyoyatia mgema yalitoka wapi, na nani aliyatayarisha?

Swali hili si la mgema peke yake. Linamhusu pia mama anayeuza maji ya ukwaju karibu na shule, kikundi kinachotengeneza tangawizi ya kuuza, na wale wanaopika vinywaji vya harusi na matanga. Wote hawa wana jambo moja linalowaunganisha. Mwisho wa kazi, moto ukishazimwa, kuna maji baridi yanayotiwa ili kinywaji kiwe kingi au kipungue ukali. Kwa Kiswahili kazi hiyo tunaiita kuzimua. Basi leo tuongee juu ya maji ya kuzimulia.

YALIYOTOKEA KWENYE HANGA

Miaka michache iliyopita nilihudhuria hanga moja upande huu wetu. Siku ya pili watu walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mnazi ulioletwa asubuhi ulikuwa mitungi mitatu, na ilipofika saa kumi jioni ulikuwa umebaki chini ya nusu mtungi. Mgawaji akamwambia kijana mmoja, "Ongeza maji kidogo, uwafikie wote." Upande wa pili kina mama walikuwa wamechemsha ukwaju mzito na sukari kwenye sufuria ndogo. Wakaumimina kwenye pipa na kulijaza maji ya kisima. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ulikuwa ni ukarimu tu, mgeni asirudi na kiu.

Usiku ule na kesho yake watu 11 walihara na kutapika. Mzee mmoja alilazwa hospitali akawekewa dripu. Kabla hajarudi nyumbani, maneno yalikuwa yameshaenea kijiji kizima: "Mnazi ule ulitiwa kitu." Ile mitungi ilitoka nyumbani kwa hawe mmoja, mjane anayeishi peke yake. Jina lake likaanza kutajwa. Vijana wakasema apelekwe kwenye kiraho.

Sisi tunaoishi Kilifi tunajua maneno ya namna hii huishia wapi. Wazee wetu wengi wameuawa au wamefukuzwa makwao kwa kushukiwa uchawi, na ndiyo sababu Kaya Godoma kule Ganze ikawa kimbilio la wazee wa aina hiyo. Kwa hiyo hatukuwa na muda wa kupoteza.

Mimi na mhudumu wa afya wa kijiji tulianza kutembea nyumba kwa nyumba. Hatukumuuliza mtu anamshuku nani. Tuliuliza mambo mawili tu: ulikunywa nini, na ulikunywa saa ngapi?

Majibu yakatufungua macho. Waliokunywa mnazi asubuhi, kutoka mitungi ileile, walikuwa wazima. Walioumwa walikuwa ni wale waliokunywa jioni. Tena watatu kati ya wagonjwa, akina mama wawili na mtoto, hawakuonja mnazi hata kidogo. Wao walikunywa ukwaju, na ukwaju haukupita mkononi mwa hawe. Basi mnazi wa jioni na ukwaju vilikutana wapi? Vilikutana kisimani. Vyote viwili vilizimuliwa kwa maji ya kisima kimoja. Afisa wa afya alichukua maji yale yakapimwa, yakaonekana yana vijidudu vya kinyesi. Choo cha karibu kilikuwa hatua 15 tu kutoka kisima kile.

Tuliyaeleza hayo mbele ya mkutano chini ya mwembe. Watu walinyamaza. Hawe alikaa muda mrefu bila kusema, kisha akaniambia, "Mwanangu, ningekufa kwa kata moja ya maji."

Maneno hayo sijayasahau. Ndiyo yanayonifanya niandike.

MOTO WA KWANZA HAULINDI MAJI YA PILI

Wengi hujitetea hivi: "Lakini mimi ukwaju wangu nauchemsha." Ni kweli, umechemsha. Hebu tupige hesabu. Umechemsha lita 5 za ukwaju au tangawizi nzito, halafu ukaongeza lita 15 za maji baridi upate lita 20. Hapo robo tatu ya kinywaji chako haijaona moto kabisa. Ni sawa na mtu anayefunga mlango wa mbele kwa kufuli huku wa nyuma ameuacha wazi.

Upande wa mnazi, wenyewe haupikwi. Unadondoka kutoka kwenye panda moja kwa moja hadi kwenye kibuyu cha mgema, na huanza kuchacha ukiwa bado huko juu. Kwa saa chache tu unafikia kileo cha asilimia 4 hivi, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Ndipo watu husema, "Ah, pombe inaua vijidudu." Jamani, tusidanganyane. Spiriti ya kusafishia ngozi hospitalini ina kileo cha asilimia 70 hivi. Mnazi hauna hata 10. Ule uchachu wake husaidia kiasi, maana vijidudu vya kipindupindu havipendi uchachu, lakini vinahitaji muda ili vife. Tena ukiutia maji umepunguza kileo na uchachu kwa mara moja, na mteja anakunywa papo hapo. Vijidudu vimeingia saa kumi, saa kumi na robo viko tumboni.

Iko habari ya zamani inayofundisha jambo hilihili. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alizunguka akiuliza kila nyumba ilikuwa inateka maji wapi, na nyuzi zote zikamrudisha kwenye pampu moja ya Broad Street. Karibu sana na pampu hiyo palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Huko hakuna aliyeugua sana. Wafanyakazi walikuwa wakipewa bia, na mwenye kiwanda alimwambia Snow kwamba anaamini hawakunywa maji ya pampu. Kiwanda kilikuwa na kisima chake, na maji ya bia hupita kwenye moto. Lakini fikiria kama wangeizimua bia ile kwa maji ya pampu ya mtaani. Bia isingewaokoa.

Hata leo wanaotengeneza bia nyumbani huko Ulaya na Marekani wana shida kama ya mama wa ukwaju. Sufuria ya jikoni ni ndogo. Kwa hiyo hupika mchanganyiko mzito, kisha hujazia maji baridi. Walio waangalifu huyachemsha maji hayo jana yake, wakayafunika yapoe. Basi tusione haya. Shida ya sufuria ndogo ni ya ulimwengu mzima, na dawa yake inajulikana.

MAJI YETU YAKOJE?

Maji ya mfereji wetu yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na hutiwa dawa. Ni maji ya nafuu. Lakini sote tunajua kwamba mfereji hukatika. Bomba likiwa tupu, uchafu wa nje unaweza kunyonywa kupitia nyufa, na maji yakirudi unakuja nao. Halafu yanaingia kwenye mtungi, yanapanda mkokoteni, yanamiminwa kwenye pipa, na kila hatua kuna mikono. Yaliyotoka safi mferejini si lazima yafike safi nyumbani.

Kisima nacho kina hatari yake. Pwani yetu imelalia jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina matundu na nyufa, halichuji maji kama mchanga mnene. Maji ya chooni yanaweza kusafiri upesi hadi kisimani, hasa wakati wa masika. Na usidanganywe na macho. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yana vijidudu.

JINSI YA KUTAYARISHA MAJI YA KUZIMULIA

Siri kubwa ni moja: maji haya yatayarishwe jana yake. Mtu anayeanza kuyatafuta wakati wageni wameshakaa atachota yaliyo karibu.

1. Piga hesabu mapema. Ukitaka lita 20 na sufuria yako inapika lita 5 za kitu kizito, basi unahitaji lita 15 za kuzimulia. Tayarisha na mbili za ziada.

2. Chuja maji kama yana taka. Tumia kitambaa safi kilichofuliwa, ukikunje mara kadhaa. Kuchuja hakuui vijidudu, ila kunarahisisha kazi inayofuata.

3. Chemsha mpaka yatokote. Maana yake mapovu makubwa yapande mfululizo, si kutoa mvuke tu. Yakishatokota hivyo, hesabu dakika 1 kamili. Huku pwani inatosha. Huko milimani juu sana hushauriwa dakika 3. Hakuna haja ya kuyaacha nusu saa ukimaliza makaa.

4. Funika yapoe ndani ya sufuria ileile. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanayaacha wazi, au wanayamimina kutoka chombo hadi chombo ili yapoe haraka. Kila chombo kipya ni nafasi ya uchafu kuingia. Ukiwa na haraka, weka sufuria iliyofunikwa ndani ya karai la maji baridi na ubadilishe maji ya karai mara mbili tatu. Angalia maji ya karai yasipande yakaingia ndani.

5. Usitie barafu kuyapoza. Barafu iliyogandishwa kutokana na maji mabichi ni maji mabichi. Kuganda hakuui vijidudu vyote.

6. Safisha mtungi. Uoshe kwa sabuni na maji, tikisa vizuri, suuza. Kisha suuza tena kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini, au kwa maji uliyochemsha. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba usitumike kabisa.

7. Mimina moja kwa moja, funga kifuniko. Mtungi wenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo, kwa sababu mkono hauingii. Kama huna ila ndoo, iwe na kifuniko na kata yenye mkono mrefu, na kata hiyo itundikwe, isilazwe chini.

8. Andika au weka alama. Funga kamba nyekundu kwenye mtungi huo, na kila mtu nyumbani ajue kwamba si wa kuoshea miguu. Utumie siku inayofuata, usiuweke wiki nzima.

KWA WANAOTENGENEZA TANGAWIZI YA HAMIRA

Vikundi vingine hutia hamira ili tangawizi ichachuke na kutoa povu. Hapo maji baridi yana kazi mbili, kuongeza wingi na kupoza. Hamira ni kitu hai, na joto kali huiua. Ukichanganya lita 5 zinazotokota na lita 15 zenye joto la nyuzi 28, utapata nyuzi 46 hivi, ambazo bado ni nyingi kwa hamira. Kwa hiyo acha ile tangawizi nzito ipoe kidogo ikiwa imefunikwa, ndipo uzimue. Ikishakuwa vuguvugu, tia hamira. Na tafadhali usipime kwa kutumbukiza kidole. Gusa chombo kwa nje.

Mkumbuke pia kwamba tangawizi ya hamira ikikaa siku mbili tatu huwa na kileo kidogo. Si ya watoto. Na chupa zikifungwa sana zinaweza kupasuka.

KAMA MAKAA NI GHALI

Najua mtakaloniuliza. Kuchemsha lita 15 ni makaa, na makaa ni pesa. Zipo njia mbili za badala.

Ya kwanza ni dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa ajili ya maji ya kunywa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, usikisie. Koroga, funika, subiri dakika 30 kabla ya kutumia. Hasara yake ni kwamba harufu ya dawa inaweza kubaki kwenye kinywaji, na dawa ikizidi inadhoofisha hamira. Kwa ukwaju usiotiwa hamira haina tatizo kubwa.

Ya pili ni jua, na jua sisi tumejaliwa. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zilizo safi, za lita 1 au 2. Jaza maji maangavu, funga, zilaze juu ya bati tangu asubuhi kwa muda wa saa 6 za jua kali. Kama mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku 2. Siku ya mvua usitumie njia hii.

Jambo moja lieleweke. Njia zote hizi zinashughulika na vijidudu. Haziondoi chumvi ya kisima, wala sumu ya kemikali. Maji yenye harufu ya mafuta au dawa hayatengenezeki jikoni.

KWA WAGEMA NA WENYE MANGWE

Ndugu zangu, siandiki kuwahukumu. Mnazi umesomesha watoto wengi hapa Kibarani, na katika mila zetu hakuna mahari wala hanga bila kadzama. Wala siandiki kuhimiza ulevi, ambao tunaujua umevunja nyumba ngapi. Tangu sheria ya vileo ya mwaka 2010, anayeuza pombe anatakiwa awe na leseni, na asiuzie mtu aliye chini ya miaka 18. Hilo mnalijua.

Ninachoomba ni hiki. La kwanza, mnazi uuzwe kama ulivyogemwa. Ukiisha, sema umeisha. La pili, kama ni lazima kuuzimua, mteja aambiwe, na maji yawe yaliyochemshwa yakapoa. La tatu, vibuyu, mitungi na mirija viwekwe safi, maana mrija unaopita midomo kumi bila kuoshwa ni kisima kingine.

MTU AKIHARISHA

Usingoje. Changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara, huku mkimpeleka kituo cha afya. Mtoto, mzee, au mtu anayeharisha kama maji ya mchele apelekwe mara moja. Na tazameni: hata dawa hii ya nyumbani inatengenezwa kwa maji baridi. Nyumba yenye mtungi wa maji yaliyochemshwa inaokoa dakika ambazo nyumba nyingine inazipoteza.

HAWE NA MTUNGI WA KAMBA NYEKUNDU

Kisima kile kilifungwa kwa kunywa, sasa maji yake ni ya kufulia na kujengea. Hawe bado anaishi pale pale. Katika matanga yaliyofuata jirani zake walimpa kazi, na kazi yenyewe ni kukaa karibu na mtungi wenye kamba nyekundu. Hakuna anayechota bila yeye. Walewale waliotaka apelekwe kwenye kiraho sasa wanamwomba maji ya kunywa, naye huwapa. Niliwahi kumuuliza kama moyo wake umetulia. Akanijibu kwamba umetulia kiasi, ila usiku akisikia hatua za watu nje bado huamka.

Tukumbuke hivyo siku nyingine tutakapoambiwa kinywaji kimetiwa kitu. Kabla ya kumtafuta mtu, tuyatafute maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika sherehe ya mwisho mliyohudhuria, maji ya kuzimulia yalitoka wapi?
2. Choo kilicho karibu zaidi na kisima chenu kiko hatua ngapi? Nendeni mkapime.
3. Nani katika kikundi atakuwa mwangalizi wa mtungi, na atabadilishana na nani?
4. Kinywaji kikiwa kidogo na wageni wengi, tutasema nini badala ya kuongeza maji mabichi?